Kipande cha Nyama Kinachomwongoza Daktari

Hotuba kwa wakazi kuhusu saratani ya utumbo mpana



Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anapotoka kufanyiwa upasuaji, jamaa zake huuliza swali moja: je, atapona? Sehemu kubwa ya jibu imo katika nyama iliyotolewa na kupelekwa maabara. Huko, mtaalamu wa patholojia huikata vipande vyembamba, huvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini.

La kwanza analotafuta ni umbali ambao ugonjwa umefika. Mwaka 1932, Cuthbert Dukes, mtaalamu wa patholojia jijini London, aliweka wagonjwa katika makundi matatu: ambao uvimbe haujapenya ukuta wa utumbo, ambao umepenya, na ambao umefika kwenye tezi za limfu. Mifumo ya leo bado huanza na maswali hayo. Takwimu za Marekani zinaonyesha tofauti kubwa. Ugonjwa ukiwa haujatoka utumboni, takribani watu 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Ukifika kwenye tezi au viungo jirani, ni takribani 7. Ukifika mbali, kama kwenye ini au mapafu, hawafiki 2.

Ndiyo maana tezi zinapaswa kuhesabiwa vyema. Inashauriwa zichunguzwe angalau 12, kwani zikiangaliwa chache, ile yenye saratani inaweza kukosekana na mgonjwa akanyimwa dawa anazohitaji.

La pili ni sura ya seli zenyewe. Zikiwa bado zinafanana na seli za kawaida za utumbo, mara nyingi ugonjwa hukua polepole. Zikiwa zimepoteza umbo kabisa, au zimeingia kwenye mishipa ya damu na ya fahamu, hatari ya ugonjwa kurudi huongezeka.

La tatu ni askari wa mwili. Uvimbe uliojaa seli za kinga huashiria matumaini zaidi, kwa sababu mwili umeutambua adui na unapigana naye.

La nne ni hitilafu katika jeni. Takribani saratani 15 kati ya 100 za utumbo mpana zina kasoro katika mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya jeni. Zikigunduliwa mapema, wagonjwa hawa kwa kawaida hupata nafuu kuliko wengine, na hata ugonjwa ukienea, dawa za kuamsha kinga zinaweza kuwafaa. Wakati mwingine kasoro hiyo hurithiwa, hivyo ndugu na watoto wa mgonjwa nao wanahitaji kupimwa.

Hata hivyo, ripoti ya maabara si hukumu. Ni ramani ya kumwelekeza daktari. Watu wawili wenye ripoti zinazofanana wanaweza kuishi miaka tofauti.

Basi wakazi wafanye nini? Kwanza, nyama ikitolewa, familia ihakikishe imepelekwa maabara. Pili, waombe nakala ya ripoti na kuitunza kama hati ya shamba, kwani kila daktari atakayefuata ataihitaji. Tatu, waulize: ugonjwa umefika wapi, na tezi ngapi zimechunguzwa?

Lakini lililo bora ni kuwahi. Damu kwenye choo si bawasiri kila mara. Anayeiona, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, anayepungua uzani au kuishiwa damu bila sababu, afike kituo cha afya. Aliyetimiza miaka 45 aulize kuhusu uchunguzi hata kama haumwi popote. Na ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kuugua asingoje umri huo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.