Siliaki: ngano inapogeuka sumu na unga wa nyumbani unapokuwa dawa

 Makala inauangazia ugonjwa ambao jina lake bado ni geni masikioni mwa Waafrika wengi, ijapokuwa kinachouchochea kimo mezani kila asubuhi. Unaitwa siliaki, na kichocheo chake kikubwa ni ngano. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mgonjwa wa siliaki, kikulacho kimo sahanini mwake.

Mjini Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ni vigumu kupita siku nzima bila kukutana na ngano. Asubuhi ni mkate, adhuhuri ni mkate tena uliotiwa jibini au nyama, mitaani hunukia keki za gofri, na jioni wengi hunywa bia, ambayo hutengenezwa kwa shayiri. Mtu aliyekulia Bukavu, Bujumbura au Kigoma, akazoea ugali, wali, ndizi na muhogo, hubadilisha mlo wake bila hata kutambua kwamba amehama kutoka nchi ya mahindi hadi nchi ya ngano. Wengi hawapati madhara yoyote. Wachache huanza kuumwa, na huchukua muda mrefu kabla ya kujua sababu.

Siliaki ni nini hasa? Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai mna protini inayojulikana kama gluteni. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike na mkate uumuke. Kwa mgonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huushambulia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Ukuta wa utumbo huo umefunikwa na vijidole vidogo mno, mithili ya nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vijidole hivyo vikisagika, mtu anaweza kula akashiba, lakini mwili wake ukabaki na njaa ya madini ya chuma, chokaa na vitamini.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hausababishwi na uchafu au laana. Ili uanze, mtu sharti awe amerithi jeni fulani kutoka kwa wazazi wake na awe anakula gluteni. Jeni hizo wanazo watu wengi sana, lakini ni wachache miongoni mwao wanaougua. Inakadiriwa kwamba duniani takriban mtu 1 kati ya 100 ana siliaki, na wengi wao hawajui. Iwapo kadirio hilo litatumika kwa Ubelgiji, nchi yenye watu zaidi ya milioni 11, basi wagonjwa wanazidi 100,000.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Dhana hiyo imevunjwa, na ushahidi mmojawapo umetoka barani Afrika. Mwaka 1999 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kisahrawi kutoka Sahara Magharibi, na ikabainika kwamba zaidi ya 5 kati ya kila 100 walikuwa na siliaki. Watafiti waliwaona kuwa watu wenye jeni husika kwa wingi, ambao ngano ilikuwa imeingia kwa kishindo katika mlo wao. Kusini mwa Sahara uchunguzi uliofanyika ni mdogo. Penye uchunguzi mdogo wagonjwa huonekana wachache, lakini kutoonekana si kutokuwepo.

Ugumu mkubwa wa siliaki ni kwamba hujificha nyuma ya maradhi mengine. Dalili zinazojulikana ni kuharisha, tumbo kujaa gesi na kuuma, na kupungua uzito. Hata hivyo, wapo wagonjwa wasioharisha kamwe. Wengine hupata choo kigumu, na wengine huwa wanene. Mtoto anaweza kudumaa na kuchelewa kubalehe. Mtu mzima anaweza kuwa na upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini ya chuma, uchovu usioisha, vidonda vya mara kwa mara mdomoni, au mifupa iliyopoteza uimara inayovunjika kwa kuanguka kidogo tu. Wapo wanaopata vipele vyenye mwasho mkali viwikoni, magotini na matakoni. Wapo pia wanawake wanaokawia kushika mimba au mimba zao kuharibika mara kwa mara, kumbe chanzo ni utumbo.

Aidha, siliaki huandamana na magonjwa mengine ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au mwenye ugonjwa wa aina hiyo katika tezi ya shingo, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na siliaki. Hali ni hiyo hiyo kwa watu wenye ulemavu wa Down. Miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa, takriban mmoja kati ya kumi anaweza kuwa nayo. Ikiachwa bila tiba kwa miaka mingi, siliaki inaweza, kwa nadra, kuzaa saratani ya utumbo.

Hebu sasa fikirieni safari ya mhamiaji mwenye dalili hizo. Akiwa dhaifu kwa upungufu wa damu, huambiwa labda ni minyoo, malaria ya zamani au hedhi nzito. Tumbo likimjaa gesi, huambiwa ni maziwa, na jambo hilo lina ukweli wake, kwa kuwa watu wazima wengi wenye asili ya Afrika hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa. Mimba zikiharibika, nyumbani husemwa ni chango, na wengine hutaja uchawi. Kila jibu lina mantiki yake, na kila jibu humchelewesha. Hivyo mgonjwa wa kutoka Afrika anapokaa mbele ya daktari mjini Brussels, ana haki ya kuuliza swali moja jepesi: je, nimepimwa siliaki?

Kipimo chenyewe si kigumu. Huanza kwa damu, ambamo hutafutwa kingamwili maalumu. Zikionekana, daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo hupitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi kwenye utumbo mwembamba, akachukua vipande vidogo vya nyama ili vichunguzwe kwa hadubini. Kwa baadhi ya watoto ambao kingamwili zao ziko juu sana, miongozo ya madaktari wa Ulaya inaruhusu hatua hiyo ya pili iachwe.

Hapa pana jambo ambalo kila msikilizaji anapaswa kulishika. Mtu asiache kula ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Wengi wamejitibu kwa kubahatisha, na matokeo yake wamebaki bila jibu la uhakika.

Uhusiano wa ngano na siliaki ulithibitishwa katika nchi jirani ya Ubelgiji. Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, vita viliifanya Uholanzi ikose mkate na watu wakafa kwa njaa. Katika dhiki hiyo, hali ya watoto wenye siliaki iliripotiwa kuwa nafuu, na mkate uliporejea wakaugua tena. Dicke na wenzake waliendelea na majaribio, na tasnifu yake ya mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht ikaweka msingi wa tiba inayotumika hadi leo.

Tiba hiyo ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote. Hakuna kidonge kinachoweza kushika nafasi yake. Wala kupunguza hakutoshi. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku, kiasi kilichomo katika makombo ya mkate, zinaweza kuudhuru utumbo zikiliwa kwa miezi mitatu mfululizo.

Kwa upande wa sheria, mkaazi wa Brussels ana kinga nzuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2014 inawalazimu watengenezaji kuzikoleza kwa maandishi tofauti nafaka zenye gluteni katika orodha ya viungo. Kanuni nyingine, inayotumika tangu Julai 2016, inaruhusu chakula kuandikwa kuwa hakina gluteni iwapo tu kiasi chake hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Pakiti za Brussels huandikwa Kifaransa na Kiholanzi, kwa hiyo ni vyema mgonjwa ayahifadhi maneno machache: ngano ni "blé" au "tarwe", shayiri ni "orge" au "gerst", rai ni "seigle" au "rogge".

Tatizo ni bei. Mkate usio na gluteni hugharimu maradufu au zaidi ya ule wa kawaida. Bima ya afya ya lazima ya Ubelgiji humsaidia mgonjwa aliyethibitishwa na daktari bingwa, na kwa miaka mingi kiasi kilichorejeshwa kimekuwa euro 38 kwa mwezi. Fedha hizo huombwa kupitia mfuko wa bima wa mgonjwa. Asiyeomba hapati, na asiyejua haombi.

Hata hivyo, Mwafrika ana hazina nyingine, nayo iko karibu naye. Katika mtaa wa Matonge, kwenye eneo la Ixelles, ambao umepewa jina la kitongoji cha Kinshasa, maduka huuza unga wa muhogo na wa mahindi, ndizi za kupika, viazi vikuu, maharage, samaki wakavu na sombe. Vyote hivyo kwa asili havina gluteni. Vivyo hivyo mchele, mtama, ulezi na tefu, nafaka ya Waethiopia. Mgonjwa Mzungu huanza kujifunza upya namna ya kula. Mgonjwa wa kutoka Bukavu au Kigoma, kwa sehemu kubwa, hurudi alikotoka.

Lakini kurudi huko kunataka macho. Semolina inayosongwa ugali na wengi ughaibuni mara nyingi ni ya ngano. Injera inayouzwa Ulaya huenda ikachanganywa na unga wa ngano au wa shayiri. Unga wa uji wa watoto waweza kuwa na ngano ndani yake, na mashine iliyosaga ngano kisha mahindi huacha vumbi la hatari. Chipsi za Kibelgiji ni viazi vitupu, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyopitisha vitafunio vilivyoviringishwa kwenye unga wa mkate, si salama tena. Kwa watu wa pwani, futari ya tende, muhogo wa nazi na mkate wa kumimina wa mchele haina tatizo. Kaimati, sambusa, chapati na boko boko ni ngano.

Pengine mtihani mkubwa zaidi hauko jikoni kwa mgonjwa, bali ugenini. Katika desturi za Kiafrika, kukataa chakula cha mwenyeji ni kama kumkataa mwenyewe. Mgonjwa huona haya, akala kidogo ili asiudhi, kisha akaumwa kwa siku kadhaa. Dawa ni kueleza mapema na kwa heshima kwamba haya ni maradhi, wala si maringo.

Suala hilo hufika hadi kanisani. Kwa Wakatoliki, hostia hutengenezwa kwa ngano. Mwaka 2003 idara ya Vatican inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Ekaristi, lakini iliruhusu ile yenye gluteni kidogo, au muumini kupokea divai peke yake. Mwaka 2017 msimamo huo ulirudiwa katika barua ya Kardinali Robert Sarah kutoka Guinea. Muumini mwenye siliaki hana sababu ya kukaa mbali na Komunyo, bali azungumze na padri wake kabla ya Misa, na kuhusu hostia yenyewe ashauriane na daktari.

Wapenzi wasikilizaji, mficha maradhi kilio humuumbua. Siliaki haiondoki, lakini ikitambuliwa hutulia: kwa wengi utumbo hupona, damu huongezeka, mtoto huanza tena kukua. Kinachohitajika ni kipimo kilichofanywa kwa wakati, sahani iliyochunguzwa, na jamaa wanaoelewa kwamba kumpikia mgonjwa ugali badala ya chapati si kumbagua, bali ni kumwuguza.