Mtaro Usioonekana Kwenye Mchoro

Hotuba ya mhandisi wa barabara kwa wakazi wa Isinya

 

Wiki jana mama mmoja alinionyesha mchoro wa barabara ya kaunti inayopita langoni kwake, akaniuliza, "Mhandisi, mtaro wangu umeenda wapi?" Karatasi ya kwanza ilikuwa na mitaro pande zote mbili. Karatasi ya langoni kwake haikuwa nao. Nataka nimjibu mbele ya wote.

Siku hizi barabara huchorwa kwa programu kama OpenRoads Designer. Tunaanza na kiolezo, yaani umbo la barabara ukiikata kama mkate: lami, tabaka za chini, bega, mtaro, mteremko wa tuta. Kompyuta hulirudia umbo hilo kila baada ya mita chache. Kwa kuwa si kila kitu kinahitajika kila mahali, sehemu nyingine hupewa sharti. Kwa mfano: mtaro uonekane tu pale barabara inapochimbwa chini ya usawa wa ardhi. Ikiinuliwa kwa tuta, ufichwe.

Sharti hilo linafaa milimani. Huku kwetu tambarare, barabara nyingi huinuliwa juu ya udongo mweusi. Maji yakikosa njia husimama kando ya tuta, udongo unavimba, lami inapasuka. Au yanaingia bomani.

Sasa, kuficha kuko kwa aina mbili. Mchoraji anaweza kuzima mtaro kwenye skrini ili karatasi isijae mistari. Huo bado upo. Lakini ukifichwa na sharti la kiolezo, kompyuta haiuhesabu kabisa. Hakuna udongo wa kuchimba, hakuna mawe, kwa hivyo hauingii kwenye orodha ya kazi na bei. Mkandarasi akifika kwako atakuonyesha karatasi yake, na hutakuwa na la kumwambia.

Mimi mwenyewe, nikiwa bado mgeni kazini, niliwahi kuligeuza sharti kama hilo kinyume. Mitaro ikatokea bondeni, ikapotea vilimani. Kwenye skrini ilipendeza sana! Aliyegundua ni mchungaji wa ng'ombe.

Mtaro wa mama yule tumeuangalia. Ulifichwa na sharti, si na skrini. Tumelibadilisha kwa kipande hicho, na mtaro umeingia kwenye hesabu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki ya kupata habari na kutoa maoni. Ya barabara kuu ya Namanga mpelekee KeNHA. Haya ya kwetu tuleteeni sisi. Michoro iko pale mezani. Tafuta umbali ulioandikwa kwenye karatasi, ufike langoni kwako, kisha uliza: mtaro upo? Na uko kwenye orodha ya bei? Anayevusha mifugo atuonyeshe ni wapi, maana kivuko cha ng'ombe hakimo kwenye kiolezo hiki. Lazima mtu akiweke.