Mpishi tuliyemfahamu kabla ya sifa zake



Tumeombwa kusema neno juu ya mtu ambaye restora yake inajulikana leo hata ng'ambo ya Ruzizi. Sisi waimbaji, wakati ule tungali wanafunzi, tulimfahamu mwaka wa 1983, hapa Bukavu, kando ya njia ya kupanda Kadutu. Alikuwa na sufuria moja, makala kidogo na ubao wa kukalia.

Alikaanga sambaza, wale samaki wadogo walioletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka wa 1959. Aliwanunua alfajiri, taa za wavuvi zingali zikiwaka, akawaanika kidogo juani kabla ya kuwatia katika mafuta ya mawese. Ndiyo sababu hawakuvunjika. Wengine hawakuwa na uvumilivu huo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule zaire ilishushwa thamani, na bei ya mafuta ikapanda mno. Wauzaji walipunguza sahani. Yeye aliacha sahani ya wanafunzi kama ilivyokuwa, akaondoa nyama mezani pa nyumba yake; hayo tuliyasikia kwa mkewe, si kwake. Jirani walisema hajui biashara.

Madeni yetu aliyaandika ukutani kwa kaa, alama tupu bila majina, kusudi mtu asione haya mbele ya wenzake. Tulipomaliza masomo tulilipa wote, isipokuwa wawili waliokwisha kufariki. Alama zao alizipaka chokaa yeye mwenyewe.