Mwandishi wa Mapishi na Mipango ya Kazi Yake



Utangulizi

Waandishi wengi wa mapishi wakiulizwa wana lengo gani, hujibu: kutoa kitabu. Lengo ni zuri, ila si mpango. Mada hii inapendekeza tuanze na swali jingine: ni maarifa gani ya jikoni ambayo yatapotea nisipoyaandika mimi?

1. Kuchagua eneo

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe. Tunajua kilichokuwa sahanini; namna ya kukipika hakutuachia. Kinyume chake, mwaka 2020, Hawa Hassan na Julia Turshen walitoa kitabu In Bibi's Kitchen, chenye mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Komoro. Mipaka yao ilijulikana tangu mwanzo: mpishi ni bibi, nchi ni hizo nane. Anayeanza leo ajiwekee mipaka midogo zaidi, kwa mfano futari za mtaa wake au mapishi ya samaki wakavu.

2. Kupima na kujaribu

Mpishi mzoefu hupima kwa mkono na jicho. Akikwambia "nazi mbili", kumbuka kwamba nazi hazilingani ukubwa wala tui. Kazi ya mwandishi ni kukaa naye jikoni, kupima tui kwa mililita na mchele kwa gramu, kisha kurudia pishi hilo peke yake mpaka likubali. Aeleze pia sababu: tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukikoroga, kwa kuwa likichemka kwa nguvu hukatika. Na jina la mpishi liandikwe, kwa ridhaa yake.

3. Kipato na haki

Kwa kawaida hakimiliki hulinda maelezo jinsi yalivyoandikwa, hailindi wazo la chakula chenyewe. Yeyote anaweza kuandika kuhusu pilau. Maelezo yako ya pilau ni mali yako. Kwa hiyo usisaini mkataba kabla ya kujua unauza matumizi ya mara moja au haki zote. Wakati kitabu kinaiva, makala za magazeti, menyu za hoteli na mafunzo ya upishi vinaweza kulipia mkaa na viungo.

Mapendekezo

Mpango wa miaka mitatu unafaa. Mwaka wa kwanza, kukusanya na kupima. Wa pili, kuchapisha makala na kusikiliza wasomaji waliopika. Wa tatu, kupeleka mswada kwa mchapishaji. Tathmini isihesabu wafuasi wa mtandaoni. Ihesabu mapishi ambayo mtu asiyemjua mwandishi ameyafuata yakatoka sawasawa.