Risasi Isiyompata Jambazi: Bastola ya Raia na Haki ya Mpita Njia



Desturi ya mhadhara huu inamtaka profesa mpya aieleze taaluma yake kwa mapana, awashukuru waliomfundisha, kisha aonyeshe njia anayotaka kuifuata. Walionifundisha nawashukuru kwa moyo wote. Yaliyobaki mnisamehe. Jioni hii nina nambari moja na kifungu kimoja cha sheria. Nambari imeingia katika mijadala yetu bila kuulizwa ilikotoka. Kifungu kiliondoka katika sheria zetu mwaka 1930, na tangu kiondoke sijasikia mtu akikiulizia.

Nambari ni milioni mbili na nusu. Katika kongamano moja la usalama wa wafanyabiashara, msemaji aliyenitangulia alisema Wamarekani hujihami kwa silaha za moto mara milioni 2.5 kila mwaka. Kwa hiyo, akaendelea, masharti ya leseni yalegezwe, ili wakala wa pesa za simu, mwenye duka la kubadilisha fedha na mnunuzi wa madini waweze kutembea na bastola kiunoni. Ukumbi ulipiga makofi, na nayaelewa makofi yale. Anayefunga duka Kariakoo au Eastleigh magharibi, mauzo ya siku yakiwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya koti, huku kila pikipiki inayopunguza mwendo ikimkata pumzi, ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kusikilizwa. Asilishwe tu hesabu mbovu.

Hesabu yenyewe ilianzia Florida. Mwaka 1993 Gary Kleck na Marc Gertz walisimamia mahojiano ya simu na Wamarekani wazima wapatao 5,000, wakachapisha matokeo 1995. Asilimia 1.3 hivi ya waliohojiwa walisema kwamba katika mwaka uliopita walikuwa wametumia silaha ya moto kujihami dhidi ya mtu. Zidisha sehemu hiyo kwa idadi ya watu wazima wa Marekani ya wakati ule, unapata milioni mbili na nusu. Kuzidisha hakuna kosa. Tatizo liko kwa watu sitini na ushei waliobeba jengo lote hilo mabegani.

Aliyelibomoa ni David Hemenway wa Harvard, mwaka 1997, na hoja yake nataka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aondoke nayo hapa. Chukulia kwamba kwa kweli ni mtu mmoja tu katika kila elfu aliyejihami kwa silaha mwaka ule. Katika watu 5,000 hao ni watano. Wanabaki 4,995. Tuwe wakarimu, tuseme 99 kati ya kila mia wanajibu sawasawa na mmoja tu anakosea. Huyo mmoja katika kila mia anakuletea majibu ya "ndiyo" karibu 50 ambayo si ya kweli. Sasa una "ndiyo" 55, tano za haki na 50 za makosa, na ukizidisha kwa idadi ya taifa zima umezidisha makosa. Je, wapo waliojihami kweli wakaficha? Huenda wapo. Lakini hata wakificha wote, utapoteza watano tu. Jambo likiwa adimu, kosa la upande mmoja lina nafasi ya kukua mara kumi, na kosa la upande wa pili halina pa kwenda.

Na mtu si lazima awe mwongo ili akosee. Mwingine anakumbuka tukio la miaka mitatu iliyopita kama la mwaka jana. Mwingine alisikia mbwa wakibweka, akatoka na bunduki, hakuona kitu, na mpaka leo anaamini alimfukuza mwizi. Mwingine alianzisha ugomvi yeye mwenyewe, akachomoa silaha aliposhindwa, na katika kumbukumbu yake ni yeye aliyeonewa. Hemenway alitoa mfano wa kura ya maoni ya ABC News na Washington Post ya 1994. Kati ya Wamarekani zaidi ya 1,500, asilimia 10 walisema wamewahi kuona chombo kilichotoka sayari nyingine, na asilimia 6 ya hao wakasema wamewahi kukutana na viumbe wa huko. Zidisha kwa njia ileile, utapata Wamarekani zaidi ya milioni moja waliosalimiana na wageni wa angani.

Kuna pia hesabu ya majeruhi. Katika mahojiano ya Kleck na Gertz, asilimia 8 hivi ya waliojihami walisema walimjeruhi au kumuua adui. Zidisha tena: wahalifu takriban 200,000 waliopigwa risasi na raia kila mwaka. Lakini waliotibiwa Marekani kwa majeraha ya risasi za kila aina, za ajali, za kujiua na za majambazi wenyewe, walikadiriwa kuwa 100,000 hivi kwa mwaka. Watetezi hujibu kwamba mhalifu haendi hospitali. Mtu mwenye risasi tumboni huenda hospitali, au huenda kaburini, na kote kuwili huandikwa. Hujibu pia kwamba Marvin Wolfgang, mtaalamu mkubwa wa elimu ya uhalifu aliyezichukia bunduki waziwazi, alikiri mwaka huohuo wa 1995 kwamba hakuona kasoro katika mbinu za utafiti ule. Ndiyo, alikiri. Hilo linaonyesha uungwana wake, na halimpunguzi hata mmoja kati ya wale 50.

Upande mwingine uko utafiti wa taifa wa Marekani wa wahanga wa uhalifu. Huo, unaoanza kwa kumwuliza mtu kama alitendewa uhalifu ndipo umwulize alifanya nini, uliwapa McDowall na Wiersema mwaka 1994 wastani wa matukio takriban 65,000 kwa mwaka. Kutoka 65,000 hadi milioni mbili na nusu ni mbali mno, na anayetaka kutunga sheria Dodoma au Nairobi juu ya nambari ya pili ana wajibu wa kuieleza ya kwanza.

Nimetumia muda mrefu hapa kuliko alivyotaka mwenyekiti wangu, kwa makusudi, maana nambari hii ikishapita huficha swali lenyewe: jambazi amesimama mbele yako na bastola yake imeshatoka, yako iko kiunoni chini ya shati. Inakusaidia nini sasa? Hemenway na Sara Solnick walirudi mwaka 2015 na data za utafiti huohuo wa wahanga, za 2007 hadi 2011. Katika matukio zaidi ya 14,000 ambapo mhanga alikuwepo, silaha ya moto ilitumika kujihami katika 127, yaani asilimia 0.9. Waliojeruhiwa baada ya kuitumia walikuwa asilimia 4.1. Waliojeruhiwa baada ya hatua yoyote ya kujilinda, kukimbia na kupiga yowe zikiwemo, walikuwa asilimia 4.2. Katika uhalifu wa mali, waliotumia silaha ya moto walipoteza mali katika asilimia 38.5 ya matukio, na waliotumia silaha ya aina nyingine asilimia 34.9. Haki inanidai niongeze kwamba Kleck na Jongyeon Tark, mwaka 2004, waliona wanaojihami kwa bunduki huumia kwa nadra. Nakubali. Ila aliyefanikiwa kuchomoa ni yule aliyepata mwanya wa kuchomoa, na aliyeshikwa mdomo wa bastola ukiwa shingoni hayumo katika kundi hilo. Franklin Zimring na James Zuehl walipochambua unyang'anyi wa Chicago, mwaka 1986, waliona anayepinga kwa nguvu anajiongezea hatari ya kufa.

Tafiti zote hizo zinawahesabu watu wawili, jambazi na mhanga. Mimi nilianza kuhesabu watatu nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, likizoni Mwanza. Mama yangu mdogo alikuwa akiuza maandazi na chai ya maziwa kwenye kibaraza cha mtaa wa maduka. Jioni moja vijana wawili wa pikipiki walimvamia mfanyabiashara mwenye leseni, wakachukua mkoba. Walipogeuza pikipiki alichomoa, akapiga risasi tatu. Vijana waliondoka na mkoba. Risasi moja ilipita kwenye paja la mama mdogo, ikatoka, ikatoboa ndoo ya unga. Askari walifika, wakaandika maelezo ya mfanyabiashara, wakamsifu kwa ujasiri. Jina la mama mdogo halikuandikwa popote, kwa kuwa hakuwa mlalamikaji wala mtuhumiwa. Mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya. Alituma gunia la mchele na kilo kumi za sukari, akaja mwenyewe kutoa pole, akalia. Gharama za matibabu tulilipa kwa mchango wa ukoo. Mama mdogo alichechemea mpaka alipofariki, na hakuwahi kuambiwa kama alichotendewa kilikuwa kosa, ajali au haki ya mtu mwingine.

Nimelitafuta jibu lake katika sheria zetu tangu nilipoanza kuzisoma. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatupeleka kwenye sheria ya kimila ya Kiingereza na kutuacha huko. Tanzania tulikuwa na kifungu kama hicho mpaka 1980, tulipoandika vyetu, 18A hadi 18C, vinavyoruhusu hata kusababisha kifo kwa nia njema katika unyang'anyi, kwa kulinda uhai na pia mali, kwa masharti. Nguvu iliyozidi ina adhabu yake. Lakini kipimo cha nguvu hiyo ni mshambulizi. Kifungu cha mwenye kibaraza cha maandazi sijakiona.

Aliwahi kuwa nacho. Kanuni ya Adhabu ya India, rasimu ya Macaulay ya 1837 iliyopitishwa 1860, ilitumika katika upwa huu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Tanganyika tangu 1920, hadi kanuni za kikoloni za 1930 zilipoiondoa. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha taaluma yangu, na kila mara nasimama kwenye kifungu cha 106. Kinauliza: mtu anashambuliwa kiasi cha kuhofia kufa, na hawezi kujiokoa bila kumhatarisha asiye na hatia, afanye nini? Kinajibu kwamba haki yake inafika hadi kuibeba hatari hiyo. Kisha kinatoa kielelezo cha mtu aliyezingirwa na umati unaotaka kumuua, na ndani ya umati kuna watoto wadogo. Akipiga risasi na mtoto akaumia, hana kosa.

Wenzangu huniambia kifungu hiki ni cha kikatili, kinamwachia mpigaji. Naomba kisomwe pamoja na cha 103. Kifungu cha 103 kinaruhusu kumuua mnyang'anyi katika kulinda mali. Cha 106 hakizungumzii mali kabisa. Mwandishi wa sheria, akijua kilichomo katika cha 103, alipofika kwa mtoto alibana mlango: ni shambulio la kuogofya kifo tu, na ni pale tu ambapo njia nyingine ya kujiokoa haipo. Maana yake, unaweza kumpiga jambazi kwa ajili ya mkoba wako, lakini kwa ajili ya mkoba huna haki ya kumweka mtoto wa mtu katika njia ya risasi. Jambazi akigeuza pikipiki aondoke, hofu ya kifo imekwisha na 106 imekwisha nayo. Mstari huo ungemtosha mama mdogo. India wenyewe, walipoifuta kanuni ya zamani na kuleta mpya iliyoanza kazi Julai 2024, kifungu hiki walikibeba na kukipa nambari 44. Sisi tulikipoteza wakati maofisa wa London walipotuletea kanuni iliyorithiwa kutoka Queensland.

Nitaulizwa juu ya shambulio la Westgate, na lazima niulizwe. Tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni, wakiwa na bastola dhidi ya bunduki za kivita, waliingia katika jengo lile la maduka la Nairobi na kuwatoa watu wakiwa hai. Watu 67 waliuawa, na bila ya raia wale wangekuwa wengi zaidi. Nawaheshimu bila kusita. Lakini washambuliaji wa Westgate walikuja kuua. Hapakuwa na pochi ya kukabidhi ili yaishe. Hilo ndilo shambulio la kifungu cha 106 hasa, na anayelitumia kuhalalisha risasi tatu kwa ajili ya mkoba anawavunjia heshima watu wale.

Wala tusijidanganye kuhusu shabaha. Shirika la RAND lilipochunguza polisi wa New York, ripoti ya 2008, lilikuta kwamba askari wanaorushiana risasi na mtu hupata lengo kwa asilimia 18. Agosti 2012, mbele ya Empire State Building, askari wawili wa jiji hilo walipiga risasi 16 kumwangusha muuaji mwenye bastola, na wapita njia tisa wakajeruhiwa na risasi au vipande vyake. Askari hao ni watu wa kazi hiyo. Mwenye duka wetu aliyefanya mazoezi siku ya kuomba leseni tu, mikono ikitetemeka, Kariakoo saa kumi na moja jioni, mtamtarajia nini?

Nimezipima hoja za pande zote kadiri ya uwezo wangu, na imani niliyokuja nayo bado ninayo: mpita njia aandikwe katika sheria kabla leseni moja zaidi haijatolewa kwa ajili ya kulinda fedha. Kwa Tume ya Kurekebisha Sheria napendekeza kifungu cha 106 kirudi, na mipaka yake yote, baada ya 18C. Napendekeza maelezo ya polisi katika kila tukio la kujihami yataje kila mtu aliyefikiwa na risasi, kwa jina, na nakala apewe yeye. Na napendekeza bima. Tanzania na Kenya, gari haliruhusiwi barabarani bila bima ya kumfidia mtu wa tatu, na bodaboda vilevile. Bastola inaruhusiwa. Mwenye leseni aoneshe bima hiyo kila anapoihuisha, na kampuni za bima, ambazo hazina sababu ya kumpenda wala kumchukia mtu, zipange bei kwa kuangalia mazoezi yake na mahali anapotembea na silaha. Nimeshaambiwa gharama hiyo itawashinda wafanyabiashara wadogo. Gharama ipo tayari, na kwa sasa inalipwa kwa mchango wa ukoo wa anayeuza maandazi.