Kutafuta Shairi la Mapenzi

Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka upesi:

Waliotangulia kusema wamezungumza juu ya paa la bweni na mchango wa madawati. Hayo ni mambo ya haja, na mchango wangu nimekwisha mkabidhi Mtunza Hazina. Mimi nimeombwa niseme kwa dakika ishirini juu ya lugha, nami nimechagua kusema juu ya mashairi ya mapenzi. Naona sasa vijana wa nyuma wamesogea mbele.

Nathubutu kusema hivi. Shairi zuri la mapenzi katika Kiswahili halipatikani kwa kusoma tu. Sharti lisikike, na likisha sikika, sharti liandikwe kabla mwenye nalo hajaondoka. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hilo moja.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho aliposwa. Siku moja akaniambia, "Baba, wewe ulifundisha Kiswahili miaka mingi. Nitafutie shairi la mapenzi la kusomwa siku ya harusi yangu. Lakini lisiwe la ua na nyota, hayo nayapata kwenye simu kila siku." Ombi la mtoto wa kike anayeondoka nyumbani halikataliki. Nikafungua kabati la vitabu, nikaanza kazi.

Nilianza na Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Nikasema, huu ndio wenyewe, mzazi anazungumza na binti juu ya ndoa. Nikampa binti yangu. Alisoma, akaurudisha kwa heshima. "Baba," alisema, "huu ni wosia. Umejaa mapenzi ya mama kwa mwanawe. Mimi nataka mapenzi ya mke na mume." Nikaona ana haki.

Nikamwendea Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Vijana, msidhani Muyaka ni wa mafumbo na vita tu. Huyu bwana aliwatukana maadui wa Wamazrui asubuhi, na jioni akamtungia mwanamke. Humo nilikuta beti nyingi za kutengana na kutamani. Lakini zimejaa maneno ya Kimvita cha zamani, na harusi si mahali pa kumsimamisha msomaji kila mstari ili afasiri.

Kisha nikamfikia jirani yetu, Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 hapa hapa Tanga, upande wa Machui. Katika kitabu chake *Maisha Yangu* ameeleza habari za mkewe Amina na kifo chake, na shairi alilomtungia. Humo humo mna Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake. Mtu anayesema kwamba Shaaban Robert alijua kuhubiri tu, na asome alivyomlilia Amina. Nilikaa na ukurasa ule usiku mzima. Lakini kila mtu amekwisha usoma shuleni, na neno lililokaririwa kwa ajili ya mtihani huchukua muda mrefu kurudi kuwa neno la moyo.

Nikapitia pia *Malenga wa Mvita* cha Ahmad Nassir Juma Bhalo, kilichotoka 1971. Hapo ndipo nilipozinduka. Ahmad Nassir alikuwa na binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, mwimbaji ambaye pwani nzima ilimjua. Mmoja alitunga, mwingine aliimba. Wangapi kati yetu tumezisikia nyimbo zile arusini na kwenye redio bila kujua kwamba maneno ni ya malenga tuliyemsoma darasani? Nikajiuliza: kumbe nusu ya maktaba yetu ya mapenzi haiko kabatini. Iko kooni mwa watu.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928, aliwafanya watu wapende mashairi ambao hawakushika diwani hata siku moja. Shaaban Robert mwenyewe aliona kuwa maisha yake yanastahili kitabu, akaandika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Nasi watu wa Tanga tulikuwa na Black Star na Lucky Star, na Bibi Shakila, Mungu amrehemu, aliyefariki 2016. Sisi wa bweni tulikuwa tukisikia taarabu ya mjini kupitia dirishani, na mwalimu wa zamu akipita tunajifanya tumelala.

Basi, Jumamosi moja nikaenda Ngamiani kumsikiliza mtu ambaye mji unamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Mchana hutengeneza baiskeli. Usiku hupiga udi na kuimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu tatu. Wapigaji walikuwa watatu tu: yeye na udi wake, kijana mmoja wa fidla, na mzee wa dumbaki. Viti vya plastiki, feni mbili, na moja haizunguki. Walikuwako akina mama waliojitanda vizuri, vijana wenye simu mikononi, na wazee wachache wa umri wangu waliokuja wakijifanya wanapita njia.

Nilimsikiliza kama mwalimu, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya kiti. Mnakumbuka tulivyofundishwa kwa kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha sheria za kutunga, kile cha 1954: beti ya mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane hapa na nane pale, vina vya kati na vya mwisho. Fundi hakukosa hata mmoja. Nilipomwuliza baadaye alijifunza wapi, alisema, "Mwalimu, mguu ukikosa pedali, mwendeshaji anajua bila kuambiwa."

Wimbo wa tano aliuita "Taa". Kabla ya kuuimba alieleza kwa maneno machache. Miaka yote aliyokuwa akipiga muziki, mkewe alikuwa akimwachia taa mlangoni, na akirudi alfajiri alimwuliza kwa ukali, "Unatoka wapi saa hizi?" Mkewe amefariki. Sasa huiwasha taa mwenyewe kabla ya kutoka, ili akirudi aikute inawaka. Beti ya kwanza, ambayo ameniruhusu niisome, ni hii:

Nimerudi mlangoni, taa ingali yawaka,
Niliiwasha jioni, mwenyewe nikaondoka,
Asiyekuwa nyumbani, ndiye ninayemtaka,
Wa kuniuliza nani, usiku nilikotoka?

Ukiisoma hivi inakwisha kabla hujavuta pumzi mbili. Fundi aliiimba kwa dakika nne. Mstari wa kwanza aliurudia mara tatu, na kila mara neno "ingali" alilikawiza zaidi, hata nikaanza kuiona taa yenyewe. Nyimbo za kabla yake watu walikuwa wakiinuka kutuza, noti zinapepea, akina mama wanacheza mpaka mbele. Alipofika mstari wa nne hakuinuka mtu. Kisha bibi mmoja mtu mzima akaenda taratibu, hakucheza, akamtia noti mkononi, akarudi kukaa. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaotoa rambirambi.

Vijana, tazameni kazi iliyofanyika hapo. Katika beti ile neno "mapenzi" halimo. "Moyo" haumo. Ua, lulu na tausi havimo. Sina ugomvi na ua. Ila ua limeshikwashikwa na watunzi wengi mpaka limenyauka, na anayelitaka sharti alichume upya. Fundi ameweka taa, mlango, na swali la mke mwenye hasira. Swali lile lilikuwa likimkera enzi hizo. Leo angetoa udi wake aulizwe tena mara moja. Hayo ndiyo mapenzi ya watu walioishi pamoja, na mtu wa miaka kumi na saba na mtu wa miaka sabini wote wanayafahamu.

Kwa hiyo, mkitafuta shairi la mapenzi, au mkitaka kumwandikia mtu, na najua mtamwandikia, hata kama Mkuu wa Shule yupo hapa, lipimeni kwa mambo matatu. Kwanza, je, linasema na mtu mmoja, au lingeweza kutumwa kwa yeyote? Pili, je, mna kitu ndani yake ambacho jicho laweza kukiona? Tatu, lisomeni kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, mtunzi hakumaliza kazi yake. Shairi la Kiswahili limetungwa liimbwe, na sikio ndilo hakimu wake.

Jumatatu nilimfuata Fundi kwenye kibanda chake nikamwomba nakala ya "Taa". Aliendelea kunyoosha gurudumu. Akasema, "Nakala sina. Nyimbo zangu nyingi zimo kichwani, na kichwa kina miaka 71." Nikamwuliza ni ngapi. Akasema huenda mia, huenda zaidi, nyingine zimekwisha mtoka. Vijana wanamrekodi kwa simu, lakini simu huibiwa na huharibika, na wanaosambaza nyimbo hizo hawaandiki nani kazitunga. Alikwisha usikia wimbo wake ukiimbwa kwenye harusi, na mwimbaji akasema ni wa kwake.

Hapo nilimkumbuka tena Muyaka. Mnajua jinsi tulivyompata? Alipofariki 1840, mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa. Miaka ilipita mingi, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah akakaa na wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika, akisaidiana na padri Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani ikaja kutoka 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake. Kama Mwalimu Sikujua angesema, "Hizi ni nyimbo za mitaani tu," leo tusingekuwa na Muyaka. Na waliokufa na nyimbo zao kabla mwenye kalamu hajafika, hatutajua walikuwa wangapi.

Nikanunua daftari la kurasa mia mbili. Kila Jumatatu alasiri, wakati wateja wa Fundi ni wachache, yeye husema na mimi huandika. Alinipa masharti mawili. La kwanza, jina la mtunzi liandikwe juu ya kila wimbo. La pili, nikimaliza kuandika nimsomee, naye asahihishe. Sharti la pili ndilo lililonifunza zaidi, kwa kuwa mara nyingi alibadilisha neno moja, na wimbo mzima ukasimama wima. Mpaka leo tumefika nyimbo thelathini na nne.

"Taa" ilisomwa kwenye harusi ya binti yangu. Ilikuwa na maneno kidogo. Shangazi yake alisema wimbo wa mfiwa haufai sherehe, ni mkosi. Binti yangu akamjibu kwa adabu, "Shangazi, huu hauelezi kifo. Unaeleza ndoa yao ilivyokuwa. Mimi nataka mume wa kuniwekea taa, na nitamwuliza kila usiku anatoka wapi." Shangazi akacheka, mambo yakaisha. Jina la Fundi lilitajwa kabla ya shairi kusomwa, naye alikuwako, amevaa kanzu, amekaa safu ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi, na halihitaji fedha nyingi. Leo nimeleta nakala safi ya nyimbo hizo thelathini na nne, yenye jina kamili la mtunzi, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Iwekwe kwenye rafu moja na Muyaka na Shaaban Robert. Lakini Fundi si peke yake. Kila mmoja wenu hapa anatoka mtaa au kijiji chenye mtu anayetunga: bibi wa kuimba unyagoni, mvuvi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu. Likizo ijayo kila mwanafunzi na achukue daftari moja, akae na mtunzi mmoja, aandike wimbo mmoja wa mapenzi, aandike jina la mwenyewe, mahali na tarehe, kisha amsomee mwenyewe kabla ya kuondoka. Chama chetu kinunue madaftari. Nimekwisha uliza bei. Jumla yake haifiki bei ya madawati mawili.

Na ninyi wazee wenzangu, msiwaachie vijana kazi yote. Wengi wetu tulitunga tulipokuwa bweni hapa, tukapeleka barua zetu kwa siri kupitia kwa mpishi. Kama mnazo bado, zileteni. Tutaficha majina ya waliopelekewa.