Ukanda wa Alumini katika Paa la Gari la Mbao



Magari ya abiria ya bodi la mbao, ambayo kwa miaka mingi yameunganisha Darajani na shamba, yana paa lenye mgongo. Ukingo wake ukiachwa wazi, mvua ya masika hupenya, mbao huoza, na fedha za wanachama hupotea.

Ukanda wa alumini ukilazimishwa hupasuka. Fundi hodari huupaka sabuni, akaupasha moto polepole. Sabuni ikigeuka nyeusi, huuondoa motoni. Asingojee wekundu, kwani alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Sentigredi bila kutoa dalili hiyo. Ukishapoa, hukunjwa kidogo kidogo juu ya kalibu, kwa nyundo ya mbao. Hufungwa kuanzia katikati kuelekea pande zote mbili. Ncha hukatwa mwisho.

Misumari ya chuma kitupu isitumike: penye chumvi ya bahari, alumini inayogusana na chuma huliwa upesi. Zitumike skurubu zisizoshika kutu, zenye vikalio vya mpira.

Kabla ya kuidhinisha malipo, Katibu aamuru paa limwagiwe maji, naye akague ndani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.